Jiko la magunzi: joto la bure au hewa ya bei ghali?

Ukiwa Mjimwema, Songea, mwezi Juni au Julai, huhitaji kuambiwa kwamba Tanzania nayo ina baridi. Na baridi hiyo inakuja wakati uleule mahindi yanapopukuchuliwa na magunzi yanajaa uani. Ndiyo maana wazo la kupasha nyumba joto kwa jiko la magunzi linavutia. Linasifiwa kwa mambo matatu: lina joto, ni la bure, ni safi. Hebu tuyapime moja moja.

Lina joto?

Hapa wanaolisifu wako sawa. Kilo moja ya magunzi makavu ina nishati ya megajuli 16 hadi 18, karibu sawa na kuni kavu. Mkaa una takriban 28 hadi 30. Lakini neno "makavu" ndilo linalobeba hesabu nzima. Kila kilo ya maji iliyomo ndani yake hula takriban megajuli 2.3 kugeuka mvuke, na moto uliopoa hutoa moshi. Gunzi lililolala nje kwenye umande ni moshi unaosubiri kiberiti tu.

Ni la bure?

Magunzi, karibu ndiyo. Kila kilo 100 za punje huacha kama kilo 15 hadi 20 za magunzi, na majivu yake yana potasiamu, kwa hiyo yarudishe shambani. Ila usichanganye na majiko ya mahindi ya Marekani. Yale huchoma punje zenyewe! Jiko la namna hiyo likitumia kilo 25 kwa siku, limekula chakula cha siku moja cha watu wapatao 40. Kwa mkoa unaolisha nchi, hiyo si teknolojia ya kuiga.

Kuna kitu kimoja tu cha kuiga pale, nacho ndicho tunachokisahau: bomba la kutolea moshi nje.

Ni safi?

Hapa ndipo sifa zinapovunjika. Ni kweli kuna majiko yanayowashwa kwa juu, ambapo gesi inayotoka kwenye magunzi huungua kabla haijawa moshi. Thomas Reed wa Marekani alilifanyia kazi wazo hilo tangu 1985, na Paal Wendelbo akatengeneza jiko la aina hiyo kaskazini mwa Uganda. Kwa kupikia mahali penye hewa, ni majiko mazuri.

Ila mwali safi si chumba safi. Mwali ukizima, yanabaki makaa mekundu yasiyo na moshi. Watu wanasema, "Sasa limeiva, liingizeni ndani." Ngoja! Makaa hayo yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Unalala ukiota joto, kumbe damu inaacha kubeba hewa.

Na nyumba zetu za bati zinatuweka njia panda. Ukiacha matundu ya paa wazi, joto linapaa. Ukiyaziba, gesi inabaki na watoto. Jiko lisilo na bomba haliwezi kukwepa mtego huo, hata fundi awe hodari vipi.

Hukumu yetu

Jiko la magunzi ni jiko zuri la kupikia na hita mbaya ya chumbani. Anika magunzi, yahifadhi pakavu, pikia nje au jikoni penye hewa. Baridi ya usiku ipunguze kwa dari, mkeka chini ya godoro na blanketi zito, bila moto chumbani. Ukiamka na kichwa kinagonga, kizunguzungu na kichefuchefu kwenye chumba chenye jiko, toka nje na wenzako wote, kisha nendeni hospitali.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Jina lenyewe linataja kupikia. Sisi wa nyanda za baridi tuongeze swali: na kuota moto je?