Udongo Mwekundu Mbele ya Mashine ya Wastani

Picha ya ukumbusho ya machimboni ina umbo lake, na aliyekulia Kahama, Katoro au Nyarugusu anaijua bila kuelezwa. Wanaume watatu au wanne wamesimama mdomoni mwa duara, yaani shimo la kuchimbia. Mmoja amekunja mikono kifuani, mwingine ameegemea mtaimbo, wa tatu kavaa miwani ya jua ambayo huenda ni ya mpiga picha. Nyuma yao kuna magogo ya kuzuia kuta zisibomoke, rundo la viroba vya mawe, na turubai la buluu. Chini ni udongo, umechukua karibu nusu ya picha. Saizi ni ya postikadi, kamera ni Yashica au ndugu yake, mkanda ni wa picha 36, na miaka ni ile ya 1990, wachimbaji wadogo walipokuwa wakimiminika Kanda ya Ziwa kufuata dhahabu.

Sasa utazame huo udongo. Katika picha nyingi za aina hii si mwekundu. Ni wa kahawia iliyopauka, mara nyingine unakaribia kijivu, na nyuso za watu zimeingiwa na ukijani ambao hakuna mtu aliyezaliwa nao. Aliyewahi kufua shati jeupe baada ya siku moja Rwamagasa lazima aulize wekundu ule ulikwenda wapi.

Uhakiki wetu wa picha, hata ule mzuri, huanzia kwa watu: wamevaa nini, wamesimamaje, wanataka waonwe kama nani. Ni kazi halali. Lakini rangi huchukuliwa kana kwamba ilikuwepo tu, ikaingia kwenye kamera, ikatokea kwenye karatasi. Hapo ndipo tunaposoma vibaya. Katika mkanda wa negativu ya rangi, kamera haimalizi kauli. Inaiachia katikati, na anayeimalizia ni mtu mwingine, mara nyingi mjini mbali na machimbo, akiwa na mashine ya kuchapia isiyojua udongo wa Geita ukoje.

Tuanze na negativu yenyewe. Ina tabaka tatu kuu: moja linahisi mwanga wa buluu, moja wa kijani, moja mwekundu. Filamu inaposafishwa, kila tabaka hutoa rangi ya kinyume: manjano, majenta, sayani. Fedha iliyonasa mwanga huondolewa yote, ikabaki rangi tupu. Juu ya hayo kuna ile rangi ya chungwa inayofunika mkanda mzima, hata pembeni pasipo na picha, iliyowashangaza wengi wetu utotoni tulipoinua vipande vya mikanda kwenye jua. Huo si uchafu. Majenta na sayani za kiwandani si safi, kila moja humeza kidogo mwanga usio wake. Miaka ya 1940 Wesley Hanson wa Kodak alipata njia ya kuifidia kasoro hiyo ndani ya filamu, na rangi ya chungwa ndiyo matokeo. Kwa msomaji wa picha jambo hili ni zito: negativu ya rangi haikutengenezwa itazamwe na jicho. Ilitengenezwa isomwe na karatasi, kupitia mashine.

Slaidi ni kinyume chake. Mpiga picha wa slaidi anapobonyeza, rangi imekwisha kuamuliwa, kilichopita kwenye lenzi ndicho kitakachowekwa mbele ya taa. Msanii wa Chile, Alfredo Jaar, alipokwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Serra Pelada, Brazili, mwaka 1985, alionyesha kazi yake kwa picha angavu zilizowashwa taa kwa nyuma, na mwaka uliofuata zikafika kwenye maonyesho ya Venice. Tope lake lina rangi ya tope. Mpiga picha Sebastião Salgado alipokwenda palepale mwaka 1986 akatumia filamu ya nyeusi na nyeupe, na picha zake ndizo zilizoufundisha ulimwengu machimbo ya dhahabu yafananeje: maelfu ya miili kwenye ngazi, bila rangi yoyote. Wote wawili waliukwepa mtego ninaouzungumzia. Mpiga picha wa machimbo yetu ya Kakola au Mgusu hakuwa na nafasi hiyo. Wateja walitaka rangi, rangi ilimaanisha negativu, na negativu ilimaanisha mashine.

Na mashine ilifundishwa jambo moja. Ralph Evans, naye wa Kodak, miaka hiyohiyo ya 1940, aliona kwamba ukichukua picha ya kawaida ukachanganya rangi zake zote pamoja, utapata kitu kilicho karibu na kijivu. Basi kila negativu isukumwe mpaka wastani wake uwe kijivu. Kwa harusi iliyopigwa bustanini, kanuni hii inafanya kazi vizuri mno. Lakini iletee picha ambayo nusu yake ni udongo mwekundu. Inaona wekundu umezidi, inadhani ni kosa la taa au la mkanda, inausahihisha kwa kuongeza sayani. Udongo unapauka. Na kwa kuwa sahihisho ni la picha nzima, sayani ileile inamwagiwa nyuso, mashati na mawingu. Wachapaji wanalijua tatizo hili siku nyingi, ndiyo maana mashine ziliwekwa vibonye vya kuongeza na kupunguza kila rangi. Fundi makini alivitumia. Fundi mwenye foleni ya mikanda, na mteja aliyesimama dirishani akisema basi la jioni linaondoka, aliiacha mashine iamue.

Ushahidi uko ndani ya mkanda mmoja. Tafuta picha mbili zilizopigwa mfululizo mahali pamoja. Katika ya kwanza watu wamesimama kwenye udongo mtupu, katika ya pili wamesogea mbele ya turubai la buluu, likajaa nyuma yao. Udongo wa ya pili huwa mwekundu zaidi. Jua halikubadilika, mkanda ni uleule. Turubai limeipa mashine cha kupimia dhidi ya wekundu, ikapunguza sahihisho lake. Nani angedhani turubai la kuzuia mvua lina kazi katika utunzi wa picha? Pazia la studio lililochorwa ziwa na anga hufanya vivyo hivyo kwa nguvu zaidi: buluu ikitawala, mashine inasukuma upande wa pili, na nyuso zinatoka zenye joto la shaba. Nashuku sehemu ya sifa waliyopewa wapiga picha wa studio kwa kuwatoa watu vizuri ilikuwa ya pazia.

Ukiweka negativu ya ile picha ya udongo mtupu mbele ya dirisha, udongo uliokuwa kijivu kwenye karatasi ni eneo pana la kijani-buluu, zito, limetulia chini ya rangi ya chungwa. Hakuna kilichopotea. Wekundu wote upo, umeandikwa kinyume.

Suala la ngozi nalo linapita njia hiyohiyo, na hapa sikubaliani moja kwa moja na masimulizi yaliyozoeleka. Inasimuliwa kwamba mwongozaji wa filamu Jean-Luc Godard, alipokwenda Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, alikataa filamu ya Kodak akisema ni ya kibaguzi. Msomi wa Kanada, Lorna Roth, ameandika jinsi kadi za kupimia rangi za maabara zilivyobeba sura ya mwanamke mweupe aliyeitwa Shirley, na jinsi watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, si watu weusi, walivyoisukuma Kodak kurekebisha namna kahawia inavyotokea. Yote hayo yana uzito. Lakini mkanda wa miaka ya 1990 ulikuwa na uwezo wa kubeba uso mweusi na shati jeupe kwa pamoja. Negativu ya rangi huvumilia mwanga uliozidi hatua mbili au tatu. Inachoshindwa ni mwanga pungufu, kivuli kikawa tope na chembe zikaonekana. Kwa picha nyingi za machimboni, mshtakiwa wa kwanza ni mashine ya kuchapia na kadi iliyobandikwa kando yake.

Fikiria mchimbaji amesimama mbele ya anga la mchana la Shinyanga. Anga limeijaza negativu weusi, mashine inaona negativu nzito, inaichapa kwa mwanga mwingi. Anga linakuwa kijivu cha wastani, na uso wa mtu unazama. Mgeuze mtu huyohuyo asimame mbele ya mlango wa giza: mashine sasa inachapa kwa mwanga kidogo, na uso unatoka umepauka. Mtu mmoja, ngozi mbili. Ndugu wawili, mmoja akiwa na ualbino, wakikaa kwenye kochi la studio lenye pazia la giza, kanuni ya wastani inampaka mmoja weupe usio na pua wala kope. Katika ukanda ambao watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa imani za utajiri, zikiwemo zile za machimboni, karatasi iliyofuta sura ya mtoto na kumwachia weupe tu si kosa dogo la kiufundi. Na sura ilikuwepo kwenye negativu. Kilichohitajika ni fundi abonyeze vibonye viwili.

Si kila rangi mbaya ni ya mashine, hata hivyo, na mhakiki anapaswa kutofautisha. Filamu inayoitwa ya kitaalamu, kama Kodak Portra iliyotoka mwaka 1998, huuzwa ikiwa imefika kwenye kilele cha usawa wake. Ndiyo maana anayetaka kuikalisha muda mrefu huagizwa aiweke kwenye nyuzi 13 au chini, na aisafishe mapema baada ya kupiga. Filamu ya mtu wa kawaida hutengenezwa ikitarajiwa kuiva taratibu kwenye rafu ya duka. Waliozipanga filamu zote mbili hawakuwa na rafu ya Kahama akilini, iliyo chini ya bati. Kwa sababu hiyo sifa za Portra, rangi tulivu na ngozi laini, ni ahadi inayodai friji. Mpiga picha mwenye busara huomba nafasi kwenye friji ya soda, kisha akitaka kutumia mkanda huutoa mapema, saa nzima au zaidi, kabla ya kufungua kikopo, ili unyevunyevu usitue juu ya filamu.

Joto likishaingia, tabaka tatu hazizeeki kwa mwendo mmoja. Vivuli vinashika kijani huku sehemu za mwanga zikishika waridi. Huo ndio utofauti wa kutafuta. Rangi ngeni iliyoenea sawasawa picha nzima mara nyingi imetoka kwenye mashine, na negativu ikichapwa upya inaondoka. Rangi ngeni mbili zinazovutana, moja kwenye giza na nyingine kwenye mwanga, zimetoka kwenye joto au umri, na hakuna kibonye kinachozipatanisha: ukiponya vivuli unaharibu mwanga. Kuna ya tatu, ya karatasi yenyewe. Picha za zamani zilizofungiwa kwenye albamu hupoteza sayani na kugeuka nyekundu. Zilizotundikwa ukutani kwenye jua hupoteza majenta na manjano zikabaki za buluu. Kwa hiyo picha ya miaka ya 1970 yenye udongo mwekundu kweli isikufurahishe haraka.

Anayemaliza kauli ni nani, basi? Enzi ya nyeusi na nyeupe mwenye studio alisafisha na kuchapa mwenyewe, nyuma ya pazia lake. Rangi ilimnyang'anya chumba cha giza, kwani dawa za C-41, mfumo ulioanza mwaka 1972, zinadai nyuzi 37.8 bila kuyumba, na hilo ni kazi ya maabara. Upande wa pili, mtu yeyote mwenye kamera aliweza kuwa mpiga picha, mradi ajue njia ya kwenda mjini. Mombasa iliyaona mabadiliko hayo kwa wapiga picha wa Likoni kivukoni, waliojenga vibanda vya mapambo yenye rangi kali. Machimboni hapakuwa na haja ya kibanda, duara lenyewe lilitosha kuwa pambo.

Na dhahabu? Katika picha hizi haipo. Kinachoshikwa kiganjani mbele ya lenzi mara nyingi ni donge la zebaki na dhahabu, na donge hilo ni jeupe la kijivu. Umanjano huja baada ya kuchomwa. Ikitokea ikawepo, negativu huitunza kuliko slaidi, kwa sababu mng'ao wa dhahabu ni wa manjano hata kwenye kilele chake, na slaidi hukiunguza kilele hicho kikawa cheupe. Dhahabu ya uhakika iko kwenye utengenezaji wa mkanda: mwaka 1936 Robert Koslowsky wa Agfa aligundua kwamba chumvi ya dhahabu, kiasi kidogo sana, huongeza kasi ya filamu, na viwanda vikaifuata njia hiyo.

Leo mikanda iliyonusurika inaanza kuskaniwa, na hatari ni ileile. Programu nyingi zina kitufe cha kusawazisha rangi zenyewe, na kinachofanyika nyuma ya kitufe hicho mara nyingi ni hesabu ya Evans. Ukikiamini, utapata faili safi lenye udongo wa kijivu, na safari hii utaliita kumbukumbu. Anayeskani mikanda ya Geita akizime. Aache ukingo wa mkanda uonekane, apime rangi ya chungwa pale pasipo na picha, aiondoe hiyo kwanza, kisha ndipo aamue wekundu uwe kiasi gani. Na alichoamua akiandike pamoja na faili, kwa sababu atakayelisoma baada yake atadhani rangi ile ilitoka Geita.