Makelele au Muziki? Neno juu ya Likembe za Konono N°1

Watu husema kwamba debe tupu ndilo lenye makelele. Neno hilo lamfaa msemaji asiye na mawazo. Lakini tukilitumia kwa kuhukumu muziki, laweza kutudanganya. Leo twataka kusema juu ya diski moja ambayo wengi wetu wangeizima kabla ya dakika mbili kwisha: « Congotronics » ya kundi Konono N°1, iliyotolewa na Crammed Discs ya Bruxelles mwaka wa 2004.

Tuanze na asili yake. Mzee Mawangu Mingiedi, aliyefariki mwaka wa 2015, alikuwa Mzombo, mtu wa kabila linalokaa upande wa mpaka wa Kongo na Angola. Katika miaka ya 1960 aliunda kundi lake katika mji unaoitwa leo Kinshasa. Chombo chake kilikuwa likembe, ambayo sisi wa Katanga twaiita kisanji: kisanduku cha mti chenye ndimi za chuma, zinazopigwa kwa vidole gumba. Sauti yake ni ndogo. Kijijini, wakati wa jioni, yatosha. Lakini mjini, penye motokari na baa na umati wa watu, nani ataisikia? Basi mzee akatoa sumaku katika vyuma vya motokari zilizokufa, akatengeneza mikro za mti, akafunga vipaza-sauti. Vyungu na vipande vya chuma vikapigwa pamoja na ngoma.

Vyombo hivyo vilikuza sauti, tena viliigeuza. Ilitoka na mkwaruzo na mvumo mzito. Fundi wa redio angesema: hapa pana kosa, tutengeneze. Kundi halikutengeneza, lilijenga muziki wake juu ya mvumo ule.

Je, mvumo huo ulizaliwa na umeme? Hatuamini hivyo. Tazameni kisanji cha babu zetu: pete ndogo za waya zimevikwa katika ndimi, kusudi zilie kama nyuki. Tazameni madimba: chini ya mbao pana vibuyu, na kila kibuyu kina tundu lililofunikwa na utando wa buibui, kusudi sauti itetemeke. Wazee walifanya hivyo kwa kutaka. Kwao sauti isiyo na mvumo ilikuwa kama mboga isiyo na chumvi. Mzee Mingiedi alichukua chumvi ile ya zamani, akaizidisha.

Huko Ulaya wengine walifika kwa njia nyingine. Mwaka wa 1913 Luigi Russolo wa Italia aliandika kwamba muziki upokee makelele ya mashine na ya miji. Mwaka wa 1948 Pierre Schaeffer alitunga kipande cha muziki huko Paris kwa sauti za treni. Hao walianza na fikara. Mzee wetu alianza na haja ya kusikika. Anayemsifu kwa sababu tu afanana na wale hajamwelewa bado.

Namna gani kusikiliza? Katika wimbo wa kwanza, « Kule Kule », shikeni kwanza likembe yenye sauti nene, muifuate peke yake. Halafu tafuteni nyembamba inayomjibu mwenzake. Baadaye mvumo hautawazuia tena, kama moshi usivyomzuia mtu aliyezoea jiko la mama yake.

Tuseme vilevile upungufu. Nyimbo zafanana mno, mwendo haubadiliki sana, na aliyeketi kitini atachoka upesi, kwani ni muziki wa wenye kucheza. Wala si kila kishindo ni kizuri. Kipimo chetu ni hiki: ukiondoa kishindo, kunabaki nini? Hapa zabaki likembe zinazosukana vizuri.

Kwa nini twawaandikia haya ninyi waseminari na katekista? Tuungame kosa letu. Siku moja, tulipotayarisha nyimbo za Misa, katekista mzee alileta kisanji chake. Tulimwomba aondoe pete, kusudi sauti isafike. Aliziondoa kwa utii, akapiga, akakirudisha katika mfuko wake. Hakukileta tena. Nasi tulikuwa tumekwisha kusoma darasani maandiko ya Mtaguso ya mwaka 1963 juu ya Liturjia, yanayotaka muziki wa mataifa uheshimiwe, na kukubali vyombo vyao vinavyofaa ibada. Mtihani tulifaulu, mbele ya pete chache za waya tulishindwa.

Hatusemi kwamba Konono N°1 iletwe altareni. Twasema tu kwamba padri atakayeamua lipi ni kelele na lipi ni sifa kwa Mungu, asikilize kwanza mpaka mwisho, tena amwulize mpigaji. Pengine debe lile limejaa.