Mafuta Hayana Haraka

Karibu na dirisha la studio yangu nimetundika kipande cha hadibodi chenye mistari minne ya rangi nyeupe. Mgeni hudhani ni ubao wa kufutia brashi. Kwangu mimi huo ndio mwalimu. Mstari wa kwanza umechanganywa na mafuta ya mbegu za kitani, wa pili na mafuta ya jozi. Wa tatu una mafuta ya kitani yaliyopikwa yakawa mazito kama asali, na wa nne una utomvu wa mti ulioyeyushwa kwa tapentaini. Chini ya kila mmoja pana tarehe ya penseli.

Rangi ya maji hukauka kwa kupoteza: maji huondoka, rangi hubaki. Mafuta ya kitani hukauka kwa kupokea. Huvuta oksijeni hewani, huongezeka uzito, yakashikana mpaka yakawa ngozi ngumu. Kwa hiyo picha huweza kuwa kavu kidoleni baada ya siku chache, na ndani ikaendelea kukomaa kwa miezi, hata miaka. Ndiyo sababu mafundi husema: tabaka la chini lipewe mafuta kidogo, la juu lipewe zaidi. Mimi niliwahi kupindua utaratibu huo nikikimbizana na siku ya maonyesho. Tabaka la juu likatangulia kukauka, la chini likiwa bado linajivuta, na anga yote niliyoichora ikapasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi.

Nilijifariji kwa Joshua Reynolds, mchoraji wa sura za watu na rais wa kwanza wa Royal Academy ya London, iliyoanzishwa mwaka 1768. Akizisaka siri za wachoraji wakubwa wa Venice, alichanganya mafuta na nta, utomvu na lami. Baadhi ya picha zake zilipauka na kupasuka yeye mwenyewe akiwa hai. Namheshimu kwa udadisi wake. Kujaribu hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kujaribia kwenye nyuso za watu waliomlipa. Laiti angekuwa na hadibodi yake ukutani!

Pwani yetu nayo imo katika habari hii. Katika karne ya 19, sandarusi, utomvu mgumu wa miti, iliyochimbwa ardhini huko Mrima, pwani ya bara inayoikabili Zanzibar, ilipakiwa Zanzibar ikasafirishwa hadi Salem, Marekani. Ilipikwa pamoja na mafuta ya kitani ikawa vanishi. Wachoraji nao walitia utomvu wa jamii hiyo katika rangi zao kwa ajili ya ugumu na mng'ao wake, ingawa huzidi kuwa kahawia kadiri miaka inavyopita.

Jioni, kabla ya kufunga mlango, naanika nje matambara yaliyolowa mafuta, moja moja. Yakiachwa yamerundikwa pamoja, kule kuvuta hewa huzaa joto, na joto lile huweza kuwasha moto bila kiberiti. Uhai ule ule unaoikomaza picha huweza kuteketeza studio.

Juzi niliona mstari wa kwanza umeingia umanjano, kwa kuwa kabati lilikuwa limeukinga na mwanga. Nimelisogeza kabati. Mwanga huurudishia weupe, pole pole. Nimeandika tarehe ya pili chini ya ile ya kwanza, nikaacha nafasi ya tatu.