Kuihukumu Picha ya Mvua

Picha ya nchi iliyopigwa siku ya jua husifiwa upesi, kwa sababu jua hufanya nusu ya kazi. Hutia nuru upande mmoja wa kilima na kivuli upande wa pili, na jicho hutambua umbo lake bila taabu. Siku ya mvua msaada huo haupo. Mawingu hutawanya nuru pande zote, vivuli hufifia, na kilima cha karibu hufanana na cha mbali. Basi, msomaji, ukitaka kupima ustadi wa mpiga picha, usitosheke na picha zake za jua. Mwombe akuonyeshe picha ya mvua.

Twaa mfano wa Machakos. Nchi ile hupata mvua mara mbili kwa mwaka: kati ya Machi na Mei, na tena kati ya Oktoba na Desemba. Katika majira hayo mawingu hushuka juu ya vilima vya Iveti na Mua, na macho huvutwa na anga kabla ya kuvutwa na ardhi. Ndiyo sababu picha nyingi za majira hayo zina kasoro moja. Wingu limetokea zuri, tabaka juu ya tabaka, lakini mashamba chini yake yamekuwa meusi kama makaa. Mpiga picha amelipa wingu haki yake na kuidhulumu ardhi.

Chanzo cha kasoro hiyo chajulikana. Kipimo cha nuru kilichomo ndani ya kamera hakijui kama kinatazama wingu au shamba. Kimeundwa kudhani kwamba yaliyo mbele yake, yakichanganywa pamoja, ni ya kijivu cha kadiri. Kikikutana na wingu jeupe, huona nuru imezidi, nacho huipunguza. Tena, udongo mwekundu ukilowa huwa mweusi zaidi kuliko ulivyokuwa mkavu, na kwa hiyo huhitaji nuru zaidi wakati uleule inapopunguzwa. Dawa ya kwanza ni kuongeza nuru hatua moja, au moja na nusu, na kila hatua nzima ni maradufu ya ile iliyotangulia. Walakini dawa hiyo ina kiasi chake. Katika kamera za siku hizi, zisizotumia filamu, sehemu ya anga iliyozidiwa kabisa na nuru hubaki tupu, wala haiwezi kurudishwa. Lakini giza la kadiri laweza kuinuliwa baadaye.

Hapo ndipo nuru na mpangilio wa picha vinapokuwa jambo moja. Ikiwa anga ndiyo inayokidanganya kipimo, ipunguze anga. Panda mahali pa juu, inamisha kamera kidogo, ukaache ukanda mwembamba tu wa wingu juu ya picha. Matone nayo yana desturi yake: mbele ya anga nyeupe hayaonekani, lakini mbele ya miti yenye giza huonekana vizuri. Nuru ikiingia kwa 1/60 ya sekunde, matone hutokea kama nyuzi ndefu. Ikiingia kwa 1/500 hutokea mafupi, kama nukta. Mwenye kutaka mvua ionekane na achague kwa makusudi.

Lakini ustadi wa mkono hautoshi. Tuulize pia: picha inasema nini? Swali hili lina uzito Machakos kuliko mahali pengi, kwa maana sifa ya nchi ile imechukuliwa mbali na picha. Mwaka 1937 R. O. Barnes, aliyekuwa akishughulika na hifadhi ya udongo, alipiga picha za miteremko iliyokuwa mitupu, imechimbwa na maji. Miaka zaidi ya 50 baadaye, mwaka 1990 na 1991, watafiti walirudi wakapiga picha mahali palepale. Picha hizo za pili zilionyesha matuta na miti. Wakati huo watu wa wilaya ya zamani, iliyokuwa kubwa kuliko kaunti ya leo, walikuwa wameongezeka kutoka 240,000 hivi mwaka 1932 hadi 1,400,000 hivi mwaka 1989. Kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, kilichotolewa mwaka 1994, kiliitumia habari hiyo kupinga wazo kwamba watu wakizidi ni lazima ardhi iharibike.

Mhakiki hapaswi kukubali upesi, wala kukataa upesi. Picha mbili za kilima kimoja, moja ya Septemba na nyingine ya Desemba, zaweza kutofautiana kama jangwa na bustani, bila mtu kushika jembe. Ukijani ni ushahidi wa mvua ya juzi. Tuta na mti mkubwa ni ushahidi wa miaka. Hakuna mvua moja iwezayo kujenga tuta la fanya juu, ambalo mkulima huchimba mtaro kwa kufuata usawa wa mteremko na kuutupa udongo upande wa juu.

Hata hivyo, tuta lenyewe laweza kuwa limebomoka, na siku kavu hailifichui daima. Siku ya mvua hulifichua. Maji yakituama nyuma ya tuta, kazi ni nzima. Yakipita katikati na kushuka bondeni yakiwa mekundu, shamba linahama. Ushahidi huo hudumu kwa saa chache, nao umo katika ardhi, si katika mawingu. Picha iliyoifanya ardhi kuwa giza imeufuta.

Kwa hiyo, msomaji, utakapotazama picha ya mvua, au utakapopiga yako, anza kwa kuyafuata maji kwa jicho tangu juu ya kilima hadi chini. Kama waweza kuiona njia yake yote, na mahali yaliposimamishwa au yalipoponyoka, picha ni njema hata kama wingu lake si la ajabu. Kama njia hiyo inapotea gizani, uzuri wa anga usikuzuie kusema kwamba kazi haijakamilika.