"Banafua mu mashini": hiyo "ba" ni nani?

Bandugu wasomi, leo tuhakiki tapi. Ndiyo, tapi ya saloni. Tunahakiki vitabu, tunahakiki hotuba za wakubwa, lakini kitu ambacho kijana mwenye diplomu ananunua kwa mshahara wake wa kwanza hatukihakiki hata siku moja. Tunaandika tu "bei gani?" na kuanza kukusanya feza.

Tapi yenyewe munaijua. Inapita kila siku kwenye status za wauzaji: nyembamba, rangi ya majivu ao ya maziwa, yenye michoro kama ya mazulia ya zamani ya Uajemi, na chini yake maandishi kwamba inafuliwa kwa mashine. Bei iko juu sana kuliko ya tapi ya kawaida ya ukubwa uleule. Ukiuliza kwa nini, muuzaji ana sentensi moja tu: "Hii banafua mu mashini, haina shida." Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi vyote viwili vinatembea kwenye simu, kwa hiyo kazi ya kutenganisha inabaki kwetu.

Swali langu ni hili: mtu wa Bagira akitoa hiyo feza ya ziada, analipia nini hasa?

Tuanze kwa haki. Wazo lenyewe si baya. Lilipata jina kubwa Marekani kupitia Ruggable, kampuni iliyoanzishwa na Jeneva Bell baada ya mbwa wake kuchafua zulia na yeye kuona gharama ya kulisafishisha. Zulia lao ni vipande viwili: tabaka la chini lisiloteleza, ambalo linabaki sakafuni, na kitambaa cha juu ambacho unabandua, unakunja na kutia kwenye mashine kama shuka. Wengine wakafuata kwa njia nyepesi zaidi, zulia la kipande kimoja lenye mgongo wa mpira. Viwanda vya Uturuki na China vinatoa mazulia ya namna hiyo kwa wingi.

Na kitambaa chake kina sifa za kweli. Mengi yanafumwa kwa poliesta, na uzi wa poliesta haunywi maji kama pamba ao sufu. Matope yanabaki juu, maharagwe yakimwagika unapangusa, mtoto akikojoa harufu haiingii ndani kabisa. Mafuta ya mawese ni habari nyingine, yale yanashika poliesta vizuri sana, lakini hata hapo ukiwahi na sabuni utaokoa kitu. Zulia nene la zamani haliwezi kufanya hivyo. Lenyewe linameza vumbi mwaka mzima na tunalipiga kwa fimbo siku ya Noeli. Kwa hiyo anayesema hili linafulika hasemi uongo.

Lakini kila kitu kinabeba ndani yake nyumba ya yule aliyekitengeneza. Zulia hili lilichorwa na mtu mwenye robine isiyokauka, umeme usiokatika, mashine ya kufua na nyingine ya kukausha. Bagira ilichorwa na watu wengine. Ilijengwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, kupitia ofisi yao ya makao iliyoitwa OCA, iliyoundwa mwaka 1952: nyumba za wafanyakazi, saloni ndogo, sakafu ya simá unayopangusa kwa kitambaa na ndoo moja. Wajenzi wale hawakuweka pahali pa mashine ya kufua. Zulia la leo linaingia nyumba ya jana, na ndiyo maana inatubidi kupima.

Tupime umeme kwanza. Mtambo wa Ruzizi I uko palepale mto unapotoka ziwani, unafanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950, na Ruzizi II ikaongezwa mwaka 1989. Tunakaa karibu na chanzo, lakini delestaji tunaijua kuliko watu wa mbali, na mara nyingine ni chupa na mifuko ya plastiki toka ziwani inayoziba mitambo. Mashine inayopasha maji inaweza kula wati 2,000. Jirani akiwasha resho saa ileile, nguvu inashuka. Sasa fikiria umeme unakatika katikati ya kazi: zulia limelowa, liko ndani, na mlango wa mashine umejifunga.

Tupime maji. Mashine yenye mlango wa mbele inatumia karibu lita 50 kwa mzunguko mmoja, na inataka maji yanayokuja kwa nguvu toka kwenye bomba. Haitaki bidoni. Kuko zile za matundu mawili ambazo unajaza kwa ndoo, lakini tundu lake ni dogo, na zulia kubwa linajizungusha humo mpaka mota inalia.

Tupime uzito. Zulia la sentimita 160 kwa 230 lina karibu mita za mraba 3.7. Likiwa jembamba, tuseme kilo moja kwa kila mita ya mraba, ni kilo 3.7 likiwa kavu, na mashine ya kilo 7 inalibeba. Likiwa nene, kilo mbili na nusu kwa mita ya mraba, tayari ni zaidi ya kilo 9, na mashine ile ya kilo 7 haitalikubali. Kwa hiyo hata mwenye mashine asifurahi haraka. Lazima ajue zulia lake ni la kilo ngapi, na muuzaji wa kwenye simu mara nyingi hajui.

Hapa ndipo narudi kwenye ile sentensi ya muuzaji. "Banafua mu mashini." Kiswahili chetu cha Bukavu kina uzuri wake: tukitaka kusema kitu kinafanywa bila kumtaja mfanyaji, tunaweka "ba". Banaita, banasema, banafua. Ni sarufi nzuri, lakini inaficha mtu. Hiyo "ba" ni nani?

Kwenye nyumba nyingi za Bagira, mashine iko. Ina miaka kumi na minne, inaitwa mdogo wako. Ao ni mpwa aliyekuja toka kijijini kusoma. Ao ni binti wa kazi. Ni yeye atakayelitoa nje, atalitandika kwenye simá ya parsele, atasugua kwa burashi na sabuni ya unga, kisha atasuuza mara tatu mpaka povu liishe. Hesabu ndogo: kusuuza zulia la ukubwa ule kunakula kwa urahisi lita 100. Hizo ni bidoni tano za lita 20. Maji lita 100 ni kilo 100, zinazobebwa kichwani ao mgongoni, kwa mlima, siku ambayo robine ya karibu haitoi. Halafu zulia lenyewe likilowa linazidi mara mbili ya uzito wake, na mtoto mmoja hawezi kulikamua peke yake.

Kwa hiyo "haina shida" ni kweli kwa anayekaa kwenye kiti. Shida imehama tu, imetoka kwa mwenye saloni imeenda kwa mwenye ndoo. Na kuna jambo baya zaidi: kwa sababu umeambiwa linafulika, utaamuru lifuliwe mara nyingi. Zulia la zamani lilikuwa linafuliwa mara moja ao mbili kwa mwaka. Hili utasema lifuliwe kila mwezi, maana ndiyo faida uliyolipia. Ukiona sifa ya kitu inaongeza kazi ya mtu ambaye hakuulizwa wakati wa kununua, ujue bei haijaandikwa yote.

Bado kukausha. Mvua kwetu inaanza Septemba na kuendelea mpaka Mei. Zulia lililoanikwa kwenye ukuta saa nne linaweza kunyeshewa saa nane. Poliesta inakauka haraka, sawa, lakini mgongo wa mpira unazuia upepo upande mmoja, na unyevu ukikaa hapo siku mbili tatu unaanza kusikia harufu ya ukungu. Ukingoja Juni na Julai ili jua likaushe vizuri, jua kali nalo linakausha mpira, unapasuka na kuanza kuanguka vipande vipande. Zulia likipoteza mgongo linateleza, na kwenye simá laini mtu mzima anaweza kuvunjika nyonga.

Kuko hoja moja dhidi yangu, na ni nzito. Mutaniuliza: sisi wa Bagira hatuna haki ya kitu kizuri? Lazima kila kitu chetu kipimwe kwa bidoni? Jibu langu ni kwamba haki iko, kabisa. Mtu aliyesoma kwa mwanga wa torchi ana haki ya saloni inayomfurahisha akirudi kazini. Lakini kizuri cha saloni kina kipimo chake, na kipimo hicho ni mgeni. Tapi nzuri ni ile unayomwambia mgeni "karibu" bila kumtazama miguu. Sasa angalia kinachotokea kwa zulia ghali. Tunalinunua kwa sababu haliogopi matope, lakini bei yake inatufanya sisi tuogope kwa niaba yake. Linakunjwa watoto wakirudi toka masomo. Linatandikwa jumapili. Mzee wa familia aliyepanda toka Nyakavogo kwa mguu, siku ya mvua, anaambiwa mlangoni: "Karibu papa, lakini tosha viatu." Naye ana soksi yenye tundu, anasema atakaa nje tu, hewa iko nzuri. Hapo zulia limeshindwa kazi yake ya kwanza, hata kama ni safi.

Sasa uamuzi, maana mhakiki asiyeamua anapoteza wakati wa watu.

Nunua, kama una mashine inayofanya kazi na tanki ya maji, na umeme unapatikana saa za kutosha kumaliza mzunguko mmoja. Nunua pia kama nyumbani kuko mtoto anayetambaa, mgonjwa ao mzee ambaye hawezi kujizuia. Kwa nyumba hiyo kufua mara nyingi ni lazima, na kitambaa chepesi kinapunguza kazi. Hata hapo chukua ndogo, kwa mfano sentimita 80 kwa 150. Hiyo ni mita za mraba 1.2, inaingia hata kwenye beseni kubwa, na mtu mmoja anaikamua.

Usinunue, kama unakopa ao unatoa zamu yako yote ya likelemba kwa ajili yake. Usinunue kama "ba" ya nyumbani kwako ni mtoto wa shule. Usinunue kubwa kwa sababu saloni ya kwenye picha ni kubwa. Kwa saloni ya kawaida ya Bagira, balatumu inayokatwa kwa mita, pamoja na tapi ndogo ya bei nafuu mbele ya viti, inafanya kazi ileile: kitambaa, ndoo moja, dakika kumi.

Na kabla ya kutoa feza, geuza tapi utazame kitambulisho kilichoshonwa mgongoni. Usisome jina, soma alama. Karai lenye namba 30 ndani yake maana yake ni mashine, maji yasiyozidi nyuzi 30. Karai lenye mkono ndani maana yake ni kufua kwa mkono tu. Karai lililokatwa kwa msalaba maana yake haifuliwi kwa maji. Duara ndani ya mraba ni mashine ya kukausha. Tapi inaweza kuuzwa kwa sifa ya mashine huku kitambulisho chake kinaonyesha mkono. Na kama haina kitambulisho kabisa, bei ya ziada unailipia maneno ya mdomo. Kama biashara iko kwenye simu tu, omba picha ya alama hizo na uzito kwa kilo. Muuzaji wa kweli hatakasirika.

Mwisho, uliza nyumbani. Siyo baba peke yake, siyo yule anayelipa peke yake. Muulize yule atakayelibeba likiwa limelowa, umuonyeshe ukubwa wake kwa kupima sakafuni kwa hatua. Yeye ndiye anajua zulia lenu lipaswe kuwa la mita ngapi.