Hadhira ya Wanachama: Mipaka ya Usikilizaji katika Fasihi Simulizi ya Wagiriama

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Afrika Mashariki imezoeleka kauli moja ambayo hurudiwa bila kupimwa: kwamba fasihi simulizi ni mali ya jamii nzima, na kwamba kila mwanajamii ana haki sawa ya kuisikia na kuisema. Kauli hiyo ilikuwa na manufaa yake katika miaka ya 1970, wakati wahakiki walipokuwa wakipambana na dhana ya kikoloni iliyomfanya mwandishi mmoja, mwenye jina na hakimiliki, kuwa kipimo pekee cha fasihi. Hata hivyo, silaha iliyofaa katika vita fulani si lazima ifae katika kila vita. Leo kauli hiyo hiyo hutumiwa kuhalalisha uchukuaji: ikiwa matini ni ya wote, basi yeyote aliye na kinasa sauti anaweza kuyabeba na kuyaweka apendapo.

Madhumuni ya makala haya ni kuipima kauli hiyo kwa mfano wa Wagiriama wa pwani ya Kenya, hasa wale wa kaskazini ya Mto Sabaki, ambako mji wa Gongoni umekaa kando ya barabara itokayo Malindi kwenda Garsen. Hoja itakayotetewa ni kwamba kuyafungia matini kwa wanachama walioingizwa rasmi si kasoro iliyobandikwa juu ya fasihi simulizi, bali ni sehemu ya fani yake. Suala linalompasa mhakiki, kwa hiyo, si kama mlango umefungwa au u wazi, bali ufunguo uko mikononi mwa nani, na aliyeupata amefungwa na wajibu gani.

Uanachama kama kipengele cha fani

Tukichunguza tanzu za Kigiriama tutaona kwamba haziko katika ngazi moja ya uwazi. Ngano husimuliwa mbele ya watoto, nayo haimdai msikilizaji chochote isipokuwa kuitikia. Methali hutumiwa na yeyote mwenye umri wa kuzijua. Viapo vya kaya, kinyume chake, vilikuwa chini ya wazee maalumu. Kiapo cha fisi kilisimamiwa na vaya, na aliyekuwa nje ya vaya aliogopa nguvu za maneno hayo bila ya kuwa na ruhusa ya kuyamiliki. Vilevile wanawake walikuwa na kifudu, chama kilichohifadhi vyungu vyake vitakatifu pamoja na nyimbo zake, nacho hakikumfungulia mwanamume.

Chama kinachofaa zaidi kwa uchambuzi huu ni Gohu. Mtu hakuzaliwa ndani yake, bali aliingia kwa kutoa karamu na malipo yaliyojulikana. Mwanachama wa Gohu alipofariki, jamaa zake waliweza kumsimamishia kigango, yaani nguzo ya mti mgumu iliyochongwa nakshi za pembetatu. Asiyekuwa mwanachama alikumbukwa kwa koma, kijiti kisicho na nakshi za namna hiyo. Kigango, basi, ni matini yenye hadhira mbili kwa wakati mmoja. Mpita njia hukiona na kutambua kwamba hapa pamekumbukwa mtu wa heshima. Mwanachama ndiye ajuaye yaliyotendwa kabla hakijasimama na yanayodaiwa baada ya kusimama. Mhakiki anayeichambua nakshi peke yake, bila ya kuizingatia hadhira hiyo ya ndani, ameichambua nusu ya kazi.

Jambo hili si geni hata katika fasihi andishi ya Kiswahili. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ulielekezwa kwa binti wa mtunzi. Hadhira yake ya kwanza ilikuwa mtu mmoja, ndani ya nyumba moja. Kwamba ulichapishwa na Alice Werner na William Hichens mwaka 1934, ukawa matini ya madarasani, hakufuti ukweli kwamba sauti yake, upole wake na hata ukali wake vimejengwa juu ya usiri wa mama na mwana. Ufinyu wa hadhira umeacha alama katika fani.

Pingamizi

Hapana budi hapa kukabili pingamizi lenye nguvu. Inaweza kusemwa kwamba kuisifu milango hii iliyofungwa ni kuwasifu wazee wenye mali. Karamu ya Gohu haikuwa ya maskini, na vaya haikuwa ya vijana. Usiri, katika mtazamo huu, ni chombo cha tabaka, na wajibu wa mhakiki ni kukivunja.

Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, nalo haliwezi kupuuzwa kwa kulitaja tu jina la mila. Tena lina uzito wa pili, ambao ni mchungu zaidi. Elimu inayokaa katika vifua vichache hufa upesi. Katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na kila mmoja wao alipozikwa, yalizikwa pamoja naye yale aliyokuwa hajampokeza mtu. Mlango ambao hauna tena mtu wa kuufungua haulindi kitu.

Hata hivyo, historia yenyewe inaonyesha kwamba usiri huo haukuwa wa kuwanyamazisha wanyonge tu. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke, aliwakusanya watu Kaya Fungo, na viapo vya wanawake na vya wanaume vikawa nguzo ya upinzani dhidi ya kodi na kazi ya lazima. Serikali ya kikoloni iliutambua uwezo wa maneno hayo vizuri kuliko wahakiki wengi wa baadaye: mwaka 1914 iliilipua kaya kwa baruti, ikawaamuru Wagiriama kuhama kaskazini ya Sabaki, yaani nchi ile ile iliyo na Gongoni leo, na kuwatoza faini ya rupia 100,000. Hakuna serikali inayotumia baruti dhidi ya fasihi isiyo na nguvu. Chombo kile kile kilichomweka kijana nje ya baraza ndicho kilichomweka mkoloni nje ya siri.

Kufuli lililohamia ng'ambo

Yaliyofuata ni historia ya ufunguo kubadili mikono. W. E. Taylor, mmisionari, alikwisha kuchapisha mjini London mwaka 1891 msamiati na mikusanyo yake ya Kigiriama. Arthur Champion, aliyekuwa ofisa wa serikali miongoni mwa Wagiriama katika siku za vurugu zile, aliandika maelezo ya taasisi zao, nayo yakatolewa London mwaka 1967. Thomas Spear alichapisha masimulizi ya asili ya Mijikenda nchini Marekani mwaka 1982. Kazi hizi zina thamani, na hakuna mtafiti wa leo anayeweza kuziruka. Lakini zimeyatoa matini katika baraza moja lenye masharti na kuyatia katika baraza jingine lenye masharti pia.

Sehemu kubwa ya makala za kitaalamu juu ya watu hawa sasa imehifadhiwa katika maktaba za kidijitali kama JSTOR, ambazo humtaka msomaji ajiandikishe, alipe, au awe wa chuo kilicholipia. Mwalimu wa sekondari wa Gongoni atakaye kusoma uchambuzi wa kigango kilichosimama mwendo mfupi kutoka shuleni kwake hukuta mlango. Ni sahihi kuuita mlango huu uanachama, lakini ni uanachama wa namna gani? Aliyeingia Gohu alijulikana kwa jina na uso, naye alibaki na deni kwa wenzake na kwa wafu wao. Aliyelipia makala hana deni kwa yeyote. Kufuli la kwanza lilimfunga mwenye ufunguo. La pili humfunga asiye na fedha peke yake.

Ushahidi wa vigango

Ubaya wa kuvunja mipaka bila wajibu ulidhihirika katika wizi wa vigango. Vilibebwa vingi, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, na mamia yake yakaishia katika majumba ya makumbusho na ya watu binafsi huko Marekani. Aliyevinunua aliona sanaa iliyo wazi kwa kila jicho. Hadhira ya ndani hakuiona.

Hata hivyo, kisa hiki kina upande wa pili ambao watetezi wa usiri mtupu hawana budi kuukubali. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alipiga picha ya mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa pamoja na vigango viwili vya jamaa zake. Vigango hivyo viliibwa, na picha hiyo ndiyo iliyowezesha kuvitambua miaka mingi baadaye. Kimoja kilitolewa na Jumba la Makumbusho la Jimbo la Illinois mwaka 2006, na cha pili na jumba la Chuo Kikuu cha Hampton mwaka 2007. Kama pasingekuwa na kumbukumbu yoyote, pasingekuwa na ushahidi. Kwa hiyo kuandika na kupiga picha si adui wa mlango. Adui ni kumbukumbu isiyo na mlinzi.

Kuelekea uhakiki wenye masharti

Wako waliokwisha kujaribu njia ya kati. Huko Australia, jamii ya Warumungu, ikishirikiana na mtaalamu Kim Christen, ilichangia kuundwa kwa programu iitwayo Mukurtu. Ndani yake jamii yenyewe huamua ni nani aone picha au asikie wimbo gani, kwa kufuata jinsia, ukoo au daraja la mtu. Kenya nayo ilitunga sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Misitu ya kaya iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na mwaka 2009 mila zake zikawekwa katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka.

Sheria na orodha hazitoshi zikikosa uhakiki wa kuzitumikia. Idara za lugha zinaweza kuanza na mambo matatu. Kwanza, kila matini yanayorekodiwa yaandikiwe hadhira yake kama yanavyoandikiwa utanzu wake: ngano kwa wote, kifudu kwa wanawake, kiapo kwa wale watakaotajwa na wazee. Pili, nakala ya kwanza ikae karibu na wenyewe, katika Kigiriama na Kiswahili, kabla ya kusafiri. Tatu, kila tafiti irudishwe bila malipo mahali ilikotoka, kwa lugha isomekayo huko.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba hadhira ya wanachama ni kipengele cha fani katika fasihi ya Wagiriama, kwamba kipengele hicho kimebeba dhuluma na ukombozi pamoja, na kwamba kukifuta kwa jina la umma kumewanufaisha zaidi walio mbali. Fasihi simulizi ni mali ya jamii, naam. Lakini jamii ni watu wenye zamu, daraja na madeni baina yao. Mhakiki asiyeuliza ni nani aliyeruhusiwa kusikia hajajua bado ni nini kilichosemwa.