“Kwa Jina” au “Kuingia katika Jina”? Neno la Ubatizo katika Biblia yetu na katika Historia ya Pwani

Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, ambayo hata leo husomwa makanisani mwetu, imeliacha neno “batiza” karibu na umbo lake la Kiyunani. Wapo wanaolilaumu kuwa ni neno geni. Mimi silaumu. Huko Saadani, mji wa kale wa Waislamu, maneno “udhu” na “josho” yangempotosha msikilizaji. Mtu hutawadha mwenyewe, tena mara kwa mara. Bali tangu Yohana alipokuwa Yordani, abatizwaye hubatizwa na mwingine, na Kanisa hubatiza mara moja tu. (Josho, isitoshe, wafugaji hulijua kwa kuogeshea ng’ombe.)

Hata hivyo, neno geni humdai mhubiri alijaze maana. Wayunani walikitumia kitenzi hicho hata kwa merikebu izamayo. Mvuvi wa Saadani hahitaji kufafanuliwa kuzama ni nini. Asomewe Warumi 6 kwa kitenzi hicho, naye atayatambua mara moja mauti anayoyataja Paulo. Luther naye, katika mahubiri yake ya mwaka 1519, alipendelea mtoto azamishwe kabisa majini, ili ishara ilingane na maana yake.

Kasoro ninayoiona iko katika Mathayo 28:19. Kiyunani kina neno “eis”, yaani kuingia katika jina. Tafsiri yetu ina “kwa jina”. Katika Kiswahili, “kwa jina la fulani” ni kwa mamlaka yake. Hapo twamsikia mbatizaji na uwezo wake, lakini kule aendako abatizwaye hakusikiki. Katika hati za biashara za Kiyunani, usemi huo ulitumika kwa mali inayohamishiwa kwa mwenyewe mpya.

Jambo hili si la sarufi tu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walioanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 waliwalea watoto waliokombolewa utumwani, baadhi yao wakiwa wamenunuliwa katika soko la Unguja. Walibatizwa, wakaishi na kufanya kazi chini ya sheria za misheni. Tusiwanyoshee kidole: wamisionari wa Berlin, waliofika Dar es Salaam mwaka 1887, nao waliwapokea watu wa namna hiyo. Je, mtoto yule, alipobatizwa, alihamia kwa nani? “Kwa jina” huacha nafasi ya kujibu: kwa misheni. “Kuingia katika jina” hukataa. Amekuwa wa Mungu, wala si wa yule aliyemmiminia maji.

Mchungaji hana idhini ya kuyabadili maneno ya liturgia peke yake. Lakini darasa la kipaimara ni lake, na hapo “eis” yaweza kufundishwa tangu juma la kwanza.